Raga Asa: Mahadhi ya Mfalme Aliyekatwa Mikono

Katika ukurasa wa 462 wa Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha dini ya Sikh, unaanza utungo mrefu ambao huimbwa alfajiri katika gurdwara, yaani nyumba za ibada za Masikh, nyingi duniani. Juu ya utungo huo pameandikwa agizo fupi kwa waimbaji: uimbwe kwa mahadhi ya Asraj, mfalme aliyekatwa mikono. Basi. Kitabu hakisemi Asraj alikuwa nani, wala hakiweki alama yoyote ya muziki ya kumsaidia asiyeyajua mahadhi hayo. Waliokiandaa walijua kwamba katika Punjab ya zama zao hakukuwa na haja, kwani wimbo wa Asraj ulikuwa midomoni mwa watu.

Mhadhara huu unaufuata utungo huo, uitwao Asa di Var, pamoja na raga inayoubeba, raga Asa. Mazungumzo kuhusu raga za India aghalabu huishia kwenye majumba ya wafalme, kwa mabingwa waliolishwa na makasri na wanafunzi waliokaa miguuni pao miaka na miaka. Asa ilipita njia nyingine. Imetoka vijijini, kwa manju wa nyimbo za vita na kwa watu wa kawaida wa Punjab, kisha ikakabidhiwa saa tukufu kuliko zote katika siku ya muumini. Asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mpaka leo watu wanabishana kwa uchungu juu ya nani aiimbe na kwa ala gani.

Kitabu kilichopangwa kwa nyimbo

Guru Granth Sahib ina kurasa 1,430. Toleo lake la kwanza lilikamilishwa mwaka 1604 huko Amritsar chini ya Guru Arjan, wa tano kati ya Guru, walimu walioiongoza dini hiyo, na mwandishi wake akiwa Bhai Gurdas. Aliyezoea vitabu vya dini vinavyopangwa kwa sura za historia, kwa sheria au kwa majina ya waandishi, hapa atashangaa kidogo. Baada ya kurasa 13 za mwanzo zenye sala za kila siku, kitabu kinagawanyika kwa raga. Inatangulia Siri, inafuata Majh, kisha Gauri, na ya nne ni Asa, iliyochukua kurasa za 347 hadi 488. Mpangilio unaendelea hivyo hadi raga ya 31, Jaijavanti, ambayo ilipata nafasi yake baadaye, Guru Gobind Singh alipoziingiza kitabuni tungo za baba yake, Guru Tegh Bahadur. Mwaka 1708, kabla ya kufariki, Guru Gobind Singh alikitangaza kitabu chenyewe kuwa ndicho Guru wa kudumu.

Kila utungo una anwani yake juu. Kwanza linatajwa jina la raga, kisha namba ya mtunzi. Namba hiyo ni ya lazima kwa sababu Guru wote waliotunga walijitaja kwa jina moja, Nanak, na bila namba msomaji asingejua kama anasoma maneno ya Guru wa kwanza au wa tano. Ndani ya kila raga, tungo fupi hutangulia, ndefu hufuata, na mwishoni huja tungo za watakatifu wasiokuwa Guru. Katika beti nyingi, mshororo mmoja umewekewa alama kuonyesha kwamba ndio kiitikio, hivyo mwimbaji anajua pa kurudia.

Matokeo ya mpangilio huu ni kwamba hata anayekisoma kitabu kimyakimya, peke yake chumbani, hukutana na maagizo ya kuimba karibu kila ukurasa. Muziki haukuongezwa baadaye ili kuyapamba maneno. Ulikuwapo tangu Guru Nanak, Guru wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1469, aliposafiri na Bhai Mardana, Mwislamu wa kijiji chake cha Talwandi na mpigaji wa rababu. Masimulizi ya maisha ya Guru Nanak yana tukio linalojirudia: Guru anamwambia Mardana aguse nyuzi, kwa kuwa neno linakuja. Nyuzi kwanza, neno baadaye.

Raga yenyewe

Raga ni zaidi ya ngazi ya sauti na pungufu ya wimbo kamili. Ni kanuni: sauti zipi zitumike wakati wa kupanda, zipi wakati wa kushuka, ipi ikaliwe zaidi, na vipande gani vya sauti viitambulishe raga mara tu mwimbaji anapofungua kinywa. Ndani ya kanuni hizo mwimbaji yuko huru.

Wahindi huzitaja sauti saba kama sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Mwanakwaya wa Afrika Mashariki aliyelelewa na do, re, mi anaweza kuijaribu Asa papo hapo. Kupanda: do, re, fa, so, la, do. Mi na ti zinarukwa. Kushuka: do, ti, la, so, fa, mi, re, do, zote saba zikiwemo, na mwishoni sauti haitui moja kwa moja bali inajizungusha baina ya mi, re na do kabla ya kutulia. Hakuna sauti iliyopunguzwa wala kuongezwa nusu. Sauti inayotawala ni fa, ile wanayoiita ma. Mwimbaji huirudia, huiegemea, huikawilia.

Kanuni hizo chache zinatosha kuipa Asa tabia yake. Inapopanda ni nyepesi, inaruka vidato kama mtu mwenye haraka. Inaposhuka inakagua kila kidato. Sikio halihitaji mafunzo ili kuishika, na hiyo ni dalili mojawapo ya asili yake. Wanamuziki wa India ya Kaskazini huiweka katika ukoo wa Bilawal, ukoo wa raga zenye sauti saba zisizobadilishwa. Lakini katika kumbi za muziki wa kitaalamu, ambako mwimbaji huweza kuikalia raga moja kwa saa nzima, Asa haisikiki sana. Kwao ni Punjab, katika nyimbo za watu na katika gurdwara.

Kuna jambo jingine lisilo la kawaida. Utamaduni wa muziki wa India huigawa siku katika vipindi vinane vya saa tatu tatu, na kila raga ina kipindi chake. Raga ya usiku wa manane haiimbwi asubuhi. Asa imepewa ncha mbili za siku. Alfajiri huimbwa Asa di Var. Jioni, katika sala iitwayo Rehras, linarudi tena jina la Asa, kwa kuwa utungo wa So Dar wa Guru Nanak, unaoifungua sala hiyo, uko katika raga hii. Utungo huohuo unaonekana tena kwenye ukurasa wa 347, ukiwa mlango wa kuingilia sehemu nzima ya Asa.

Kisa cha Asraj

Masimulizi ya Punjab kuhusu Asraj yanatofautiana hapa na pale, lakini kiini chake ni kimoja. Asraj alikuwa mwana wa mfalme Sarang. Alisingiziwa na mama yake wa kambo, na baba kwa hasira akaamuru auawe. Aliyepewa kazi hiyo akamwonea huruma, akamkata mikono na kumtupa kisimani badala ya kumwua. Wasafiri wa msafara walimwokoa. Akaishia katika mji wa mbali akiwa mtumishi, na mfalme wa mji huo alipofariki bila mrithi, Asraj ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita langoni asubuhi, basi akatawazwa. Baadaye njaa iliikumba nchi ya baba yake, naye akatoa nafaka. Ndugu zake wa kambo wakapigana naye, na akawashinda. Manju wakautungia ushindi huo utenzi.

Utenzi wa namna hiyo Wapunjabi huuita vari. Uliimbwa na manju waliozunguka na kijigoma cha kushikwa mkononi na ala ya nyuzi, wakisimulia nani alimshinda nani, farasi wangapi, damu kiasi gani. Ulikuwa muziki wa uwanjani, wa kuwapandisha watu mori. Guru Granth Sahib ina vari 22, na tisa kati yake zimewekewa agizo la mahadhi ya utenzi fulani wa kishujaa uliojulikana. Asa di Var ni mojawapo.

Mpenzi wa taarabu ya Mombasa hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Juma Bhalo alijipatia jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, hamoniamu na tabla zikimsindikiza, na hadhira iliyoyajua mahadhi tayari ilibaki na kazi moja tu ya kuyasikiliza maneno. Ndivyo ilivyokuwa kwa mkulima wa Punjab aliyesikia wimbo wa Asraj ukianza. Alijiandaa kwa vita, kisha akasikia maneno mengine kabisa.

Maneno hayo ni ya Guru Nanak kwa sehemu kubwa, pamoja na saloki, yaani beti fupi za kutangulia, ambazo baadhi zake ni za Guru Angad, Guru wa pili. Shina lake ni beti 24 ziitwazo pauri. Ndani yake Guru Nanak anaishambulia jamii ya zama zake bila kupepesa. Anamgeukia kuhani wa Kihindu anayemvisha kijana uzi mtakatifu, akidai uzi wa huruma na kiasi, usiochakaa wala kuungua. Anaupinga unajisi unaodaiwa kuiingia nyumba mtoto anapozaliwa, akiuliza ni chakula gani au kuni gani zitasalimika kama hesabu hiyo ni ya kweli, maana kila mahali mna viumbe hai. Anawakemea maofisa wanaowatumikia watawala huku wakijidai usafi wa dini majumbani. Na katika sehemu inayotajwa kuliko zote, anauliza vipi mwanamke aitwe duni ilhali wafalme wote wamezaliwa naye.

Utungo unakwisha kwenye ukurasa wa 475, na hapohapo anaanza Kabir. Kurasa zinazofuata mpaka mwisho wa Asa ni za watu ambao matabaka ya India yasingewaketisha pamoja: Kabir mfumaji wa Banaras, Namdev wa Maharashtra aliyetoka katika ukoo wa washona nguo, Ravidas fundi wa ngozi, Dhanna mkulima, na Sheikh Farid, sufii wa Kiislamu aliyefariki katika karne ya 13. Guru Arjan aliwaweka wote chini ya raga moja, wakifuatana ukurasa kwa ukurasa na Guru wenyewe.

Alfajiri katika gurdwara

Waimbaji ni watatu kwa kawaida, na huitwa maragi. Wawili huimba, kila mmoja na hamoniamu yake, wa tatu hupiga tabla. Huketi kando ya kitabu, si mbele yake, kwa sababu kitovu cha mkutano ni kitabu. Hapo nje bado giza.

Huanza na beti za Guru Ram Das, Guru wa nne, ambazo pia ziko katika raga Asa na zimezoeleka kuimbwa kabla ya kila pauri. Hapo tabla huenda kwa mapigo ya kawaida. Kisha tabla hunyamaza, na mwimbaji mmoja hughani saloki kwa uhuru, sauti ikijivuta, bila kufungwa na mapigo. Halafu inakuja pauri yenyewe, na hali hubadilika. Mpigaji hufungua viganja, tabla inalia kwa kishindo, mapigo yakisukumana kama ya ngoma ya manju, na mistari inatolewa kwa nguvu hadi wa mwisho, ambao mara nyingi mkutano huupokea kwa pamoja. Asiyejua Kipunjabi hata neno moja atatambua mahali pauri inapoanzia. Ndipo alipo Asraj.

Mzunguko huo hurudiwa mara 24. Ibada huweza kuchukua saa mbili hivi, na zaidi ya hapo maragi wakipachika tungo nyingine katikati. Katika Harmandir Sahib ya Amritsar, hekalu la dhahabu, kuimba huendelea kwa takriban saa 20 kwa siku, vikundi vikipokezana, na Asa di Var huimbwa kabla jua halijachomoza.

Nyuzi na upepo

Ala za asili za muziki huu ni za nyuzi. Rababu ya Mardana ilikuwa ya kudonolewa. Baadaye zikaja za upinde: saranda, ambayo mapokeo huihusisha na Guru Arjan, dilruba, na tausi, ala kubwa iliyochongwa kwa umbo la ndege wa jina hilo. Zote zina sifa moja muhimu. Kidole huteleza juu ya uzi, na sauti husafiri kutoka re hadi ma ikipita njia yote iliyo katikati, sawasawa na koo la mwanadamu.

Hamoniamu haiwezi. Alexandre Debain alisajili ala ya jina hilo Paris mwaka 1842, wamisionari wakaifikisha India, na Wahindi wakaunda aina ndogo ya kuweka sakafuni, mkono mmoja ukivuta upepo na mwingine ukibonyeza vitufe. Ni ala nyepesi kubeba, haipotezi mlio wake kwa joto, na anayeanza hujifunza haraka. Lakini kila kitufe kina sauti moja iliyokazwa. Katikati ya kitufe na kitufe hakuna kitu. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku mwaka 1940, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi 1971. Gurdwara hazikuifuata. Hamoniamu iliingia Harmandir Sahib mwanzoni mwa karne ya 20 na ikatawala hadi ala za nyuzi zikawa nadra.

Mei 2022, kiongozi wa Akal Takht, mamlaka ya juu ya kidini ya Masikh, aliitaka kamati inayosimamia hekalu iiondoe hamoniamu hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu na kurudisha ala za nyuzi. Mjadala ulizuka mara moja. Wanaounga mkono wanasema raga zimepoteza nusu ya uso wake, na kwamba kitabu kinachotaja raga katika kila ukurasa kinastahili kuimbwa kama kilivyoagiza. Wanaopinga wanasema kizazi kizima cha maragi kimefunzwa kwa hamoniamu, na kwamba ala hiyo ndiyo iliyowawezesha watu wa kawaida kuimba bila kupitia kwa bingwa.

Kazi ya kuokoa mahadhi ya kale ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Punjabi cha Patiala kilichapisha mkusanyo wa nyimbo za zamani zilizoandikwa kwa alama za muziki na ndugu wawili, Bhai Avtar Singh na Bhai Gurcharan Singh, warithi wa ukoo ulioimba kwa vizazi. Mwaka 1991 Ludhiana ilikuwa mwenyeji wa mkutano ambako raga zote 31 ziliimbwa na kurekodiwa.

Kutoka Mombasa hadi Kisumu

Asa ilifika Afrika Mashariki pamoja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na miongoni mwa maelfu ya vibarua na mafundi walioletwa kutoka India walikuwamo Masikh, wengi wao maseremala, wahunzi na waashi. Wenyeji wakawaita Makalasinga. Gurdwara zilifuata njia ya reli na miji iliyochipuka kandokando yake. Ile ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926, inajulikana na kila dereva wa lori wa barabara ya Nairobi na Mombasa, kwani humo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bure.

Mafundi hao hawakuja na mabingwa wa rababu. Walikuja na kumbukumbu ya mahadhi, na baadaye wakapata hamoniamu, ala ile ile iliyokuwa ikitumiwa na wanataarabu wa pwani. Katika mazingira hayo hoja ya wanaoitetea hamoniamu ina uzito wake: seremala aliyeshinda kazini karakana ya reli aliweza kuongoza Asa di Var alfajiri kwa sababu pauri ina mahadhi mepesi na ala yake haikudai miaka kumi ya mafunzo. Familia za Kisikh zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972 ziliuendeleza muziki huo katika miji ya Uingereza.

Nani aimbe

Agizo la 2022 lilihusu ala. Kuna swali zito zaidi ambalo halikuguswa nalo, nalo ni la watu.

Baada ya Mardana, kazi ya kuimba katika mabaraza ya Guru ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa watribu walioitwa marababi, wengi wao Waislamu wa koo za manju. Wawili kati yao, Satta na Balwand, walitunga vari iliyoingizwa katika Guru Granth Sahib yenyewe, katika raga Ramkali. Mapokeo husema pia kwamba watribu walipogombana na Guru Arjan na kuondoka, yeye aliwahimiza waumini wachukue ala na kuimba wenyewe. Tangu hapo marababi na maragi waliishi sambamba. Marababi waliendelea kuimba Harmandir Sahib hadi karne ya 20.

Mambo mawili yaliufunga mlango huo. Kanuni za maisha ya Kisikh zilizoidhinishwa mwaka 1945 zilisema kwamba kuimba katika mkutano wa waumini ni kwa Msikh peke yake. Miaka miwili baadaye India iligawanywa, mpaka ukapita kati ya Amritsar na Lahore, miji iliyotengana kwa kilomita 50 hivi, na marababi wakajikuta Pakistan, mbali na gurdwara zilizowapa riziki. Wengi wakaacha sanaa na kutafuta kazi nyingine. Waliobaki nayo walibaki pia na mahadhi ambayo hayakuwahi kuandikwa na mtu.

Mwaka 2019 ilifunguliwa njia iliyowawezesha Masikh wa India kuvuka bila viza hadi Kartarpur, upande wa Pakistan, mahali Guru Nanak alipotumia miaka yake ya mwisho na kufariki mwaka 1539. Bhai Gurdas ameandika kwamba huko Kartarpur, wakati wa Guru Nanak, So Dar iliimbwa kila jioni. Kama kamati za Amritsar zinatafuta ala za zamani na namna ya zamani ya kuziimba raga, sehemu ya jibu iko kwa wazao wa marababi walioko Lahore, ambao kwa kanuni ya 1945 hawaruhusiwi kuketi mahali babu zao walipoketi. Kanuni hiyo iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuijadili upya sasa, wakati wenye kumbukumbu ya mahadhi hayo bado wako hai.